Kugawa jedwali la hifadhidata vipande ni nini?

Mtu akisema "faili la data limekuwa kubwa mno, tuligawe", muulize kwanza agawe nini. Kuna kukata faili ili lisafirishike, na kuna kugawa jedwali lenyewe ndani ya hifadhidata. Ni kazi mbili mbali.

Ya kwanza ni fupi. Una bakapu (nakala ya akiba ya data) ya GB 9 Lamu, wataka kuivusha Mokowe kwa flashi. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, nao haupokei faili la GB 4, hata flashi iwe ya GB 64 na haina kitu. Kwenye Linux, `split -b 2G bakapu.dump bakapu.dump.` hutoa vipande vitano, vinavyoishia aa mpaka ae. Ng'ambo ya pili `cat bakapu.dump.a* > bakapu.dump` huviunga. Usiandike 4G: mwisho wa FAT32 ni baiti 4,294,967,295, na 4G imezidi kwa baiti moja. Moja tu, na kipande kinakataliwa. Piga `sha256sum`, amri inayotoa alama ya kutambulisha faili, kabla ya kukata na baada ya kuunga. Alama hizo mbili zisipolingana, kuna kipande kilichoharibika njiani.

Vipande hivyo havifunguki kimoja kimoja, kwa hiyo hifadhidata haijapata nafuu yoyote. Wala usiende kukata kwa mkono mafaili ya hifadhidata iliyo kazini. PostgreSQL, programu ya hifadhidata tunayoitumia hapa, huyakata yenyewe, GB 1 kila moja.

Kugawa jedwali ndiko kwenye kazi. Tuseme boti 200 zina vifaa vinavyotuma mahali zilipo kila sekunde 10. Boti moja ni rekodi (mistari ya jedwali) 8,640 kwa siku. Zote ni 1,728,000. Kwa mwaka zinapita milioni 630. Rekodi ikiwa ya baiti 100, hizo ni GB 63, faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji) hujaihesabu. Ukigawa kwa miezi, jina la jedwali hubaki lile lile, ila chini yake kuna vipande 12 vya GB 5 hivi. Programu inayouliza haihitaji kujua. Swali la Januari husoma kipande cha Januari, vingine halivigusi.

Mradi swali liitaje safu ya wakati (sehemu ya jedwali yenye tarehe na saa) waziwazi. Ukiandika `extract(month from wakati) = 1`, hifadhidata haiwezi kujua kipande ni kipi, itavipitia vyote. Andika `wakati >= '2025-01-01' AND wakati < '2025-02-01'`. Na kipande chenyewe kiundwe hivyo hivyo, FROM ('2025-01-01') TO ('2025-02-01'), maana mpaka wa juu hauhesabiwi ndani. Wanaoandika TO ('2025-01-31') huiacha siku nzima ya tarehe 31 haina pa kuingia.

(Mpwani atatamani kugawa kwa kusi na kaskazi. Pepo hazina tarehe. Gawa kwa kalenda.)

Hitilafu ya kawaida kuliko zote ni mwezi kuanza kabla kipande chake hakijaundwa. Kila rekodi mpya inakataliwa. Seva ikifuata UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu), hilo hutokea saa tisa za usiku kwetu, boti za uvuvi ziko nje na msimamizi amelala. Unda vipande vya miezi mitatu mbele. Kipande cha DEFAULT, yaani cha akiba, kitazidaka rekodi zilizokosa pa kwenda, lakini ukija kuunda kipande chao halisi utakataliwa mpaka uzihamishe. Tena ufunguo mkuu (primary key, kinachoitofautisha kila rekodi na nyingine) lazima uwe na ile safu ya kugawia. Namba ya rekodi peke yake haikubaliwi. Na usigawe kwa siku na kwa boti pamoja: hivyo ni vipande 73,000 kwa mwaka, na hifadhidata itachoka kupanga ivisome vipi kabla ya kusoma.

Faida ninayoiona kubwa kuliko kasi ni kufuta. DELETE (amri ya kufuta rekodi) ya rekodi milioni 50 huchukua muda mrefu, huacha rekodi mfu, na kwa kawaida diski hairudishiwi nafasi. Kipande cha mwezi mmoja wa mwaka juzi unakitenga na jedwali kwa DETACH, unakitoa bakapu, kisha unakifuta kizima kwa DROP, na GB 5 zimerudi papo hapo.

Ofisi ya tiketi inayoingiza rekodi 3,000 kwa siku haina haja ya haya yote. Mwaka mzima ni milioni 1.1 tu, na wenye PostgreSQL wenyewe hushauri kugawa pale jedwali linapozidi RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya seva. Liwekee faharasa ya tarehe, uliache.