Je, wajua kwa nini akwariamu ya mimea inahitaji vali ya sindano?

Ukimtembelea mtu anayekuza mimea ndani ya tanki la samaki, mara nyingi utaona chini ya meza mtungi mdogo wa chuma, wa aina ile ya kuzimia moto, na pembeni ya kioo kikombe kidogo chenye maji ambamo viputo vinapanda kimoja kimoja. Ndani ya mtungi kuna kabonidayoksaidi, yaani hewa ukaa, iliyoshindiliwa mpaka ikawa kimiminika. Joto likiwa nyuzi 25, msukumo wake ni kama bar 64. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na kidogo. Sasa chukua msukumo wa karibu matairi thelathini, uutake utoe kiputo chenye upana wa milimita 5, kisha kingine nusu sekunde baadaye, hivyo hivyo mchana kutwa bila kuharakisha wala kulegea. Viputo viwili vya namna hiyo kwa sekunde ni mililita 8 tu kwa dakika, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai. Hiyo ndiyo kazi ya vali ya sindano.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Mmea uliozama una njaa ya hewa ukaa. Gesi hii husambaa ndani ya maji taratibu mno, karibu mara elfu kumi chini ya kasi yake hewani, na maji ya nyuzi 25 yaliyoachwa yatulie hubaki na takriban nusu miligramu kwa lita. Wenye mimea inayokua haraka hulenga miligramu 30 hivi. Ikizidi sana hapo samaki wanapata taabu: hewa ukaa iliyomo mwilini mwao haitoki vizuri kupitia matamvua, damu inakuwa na asidi, na himoglobini inashindwa kubeba oksijeni ipasavyo hata kama oksijeni ipo. Utawaona wamepanda juu, midomo inapwita.

Kwa hiyo kati ya mmea kushiba na samaki kukosa pumzi pana upenyo mwembamba, na kwetu tunaoishi kwenye joto ni mwembamba zaidi. Maji ya nyuzi 20 yanashika oksijeni miligramu 9.1 kwa lita. Ya nyuzi 30 yanashika 7.6 tu. Tanki la Dar es Salaam mwezi wa pili halina akiba ya kufidia makosa. Huwa nasikia watu wakisema vali ya bei kubwa ni ya Wajapani na Wazungu wenye mashindano ya akwariamu. Mimi naona kinyume: sisi ndio tunaoihitaji zaidi.

Mtu atauliza, si regyuleta ipo? Ipo, lakini kazi yake ni nyingine. Regyuleta inashusha msukumo kutoka bar 60 na ushee hadi bar 2 au 3. Haipimi gesi. Ukiunganisha mpira moja kwa moja kutoka hapo, viputo vitakuwa mchirizi. Anayepima ni vali ya sindano. Ndani yake kuna sindano ya chuma iliyochongoka, inayoingia kwenye tundu la duara. Ukizungusha kishikio, skrubu inaisogeza sindano, na uwazi kati yake na ukingo wa tundu unapanuka au unabana. Ulaini wa vali unatokana na mambo mawili: sindano imechongolewa kwa mteremko gani, na nyuzi za skrubu zimesongamana kiasi gani. Sindano butu yenye nyuzi zilizoachana inaweza kutoka kwenye kufunga hadi kufurika ndani ya robo ya mzunguko, na hapo kidole cha binadamu hakiwezi kitu.

Mfano mzuri ni vali za Swagelok za kundi S, zilizotengenezwa kwa ajili ya maabara na viwanda, ambazo wapenzi wa akwariamu wamezihamishia nyumbani. Tundu lake ni la milimita 0.81 na sindano ina mteremko wa nyuzi 1 tu. Kwenye karatasi ya vipimo utakuta Cv ya 0.004. Cv ni galoni za Kimarekani za maji zinazopita kwa dakika moja vali ikiwa wazi, tofauti ya msukumo ikiwa psi 1 (karibu bar 0.07). Inaonekana ndogo ajabu. Lakini piga hesabu: regyuleta ikiwa bar 2, vali hiyo ikifunguliwa mpaka mwisho inapitisha karibu lita 2 za hewa ukaa kwa dakika, nasi tunataka mililita 8. Hata vali laini kama hiyo tunaitumia kwa sehemu moja kati ya zaidi ya mia mbili za uwezo wake! Vali ya kawaida ya bomba la kiwandani, yenye Cv ya 0.3, inapitisha mara 75 zaidi ya hapo. Ndiyo maana dukani swali langu la kwanza ni hili: ikiwa wazi kabisa inapitisha kiasi gani, na inachukua mizunguko mingapi kufika huko?

Wengi huuliza kwanza kama inafunga vizuri. Vali za kupimia za aina hiyo hazikuundwa kufunga. Ukiikaza kwa nguvu kila usiku, ncha ya sindano inaumia pamoja na tundu lake, na ule ulaini ulioulipia unapotea. Kuzima gesi ni kazi ya solenoidi, vali ya umeme inayowekwa kabla ya ile ya sindano na kuunganishwa na saa ya kuwasha taa, kwa sababu mimea haitumii hewa ukaa gizani. Chagua ile inayojifunga umeme ukikatika. Umeme ukienda, pampu ya maji nayo inasimama, na hutaki gesi iendelee kuingia kwenye maji yaliyotulia.

Vali yangu ya kwanza ilikuja imeshikana na regyuleta ya bei poa. Niliiweka kiputo kimoja kwa sekunde saa mbili asubuhi. Saa nne vilikuwa vitatu. Nikaigusa kwa ncha ya kidole, vikakoma. Nikairudisha kidogo, vikawa mchirizi. Nikadhani nimeipata, nikaondoka. Jioni nikakuta samaki sita wa neoni wamelala ubavu. Nilibadilisha nusu ya maji, nikawasha pampu ya hewa, wanne wakapona. Wawili walikufa, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Nilipoichunguza vali ile niligundua kishikio kinacheza: ukikisukuma pembeni bila kukizungusha, idadi ya viputo inabadilika. Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu. Shika kishikio, kitikise taratibu kushoto na kulia huku macho yako kwenye kikombe. Viputo vikibadilika, vali hiyo haifai.

Kipimo cha pili kinataka subira. Iweke kwenye kiputo kimoja kwa sekunde, hesabu kwa dakika nzima, uandike. Hesabu tena baada ya saa moja, kisha kesho yake baada ya solenoidi kufunga na kufungua. Vali nzuri inarudi palepale. Usilinganishe hesabu yako na ya jirani, kwani ukubwa wa kiputo unategemea mdomo wa kikombe na kimiminika kilichomo.

Kuna balaa moja ambalo vali ya sindano haiwezi kulizuia hata iwe bora vipi. Geji ya mtungi husimama palepale siku zote kimiminika kikiwa bado kimo, halafu kikiisha inaanguka ghafla. Katika regyuleta ya hatua moja, msukumo wa mtungi ukishuka, msukumo wa upande wa pili unapanda, na gesi inayopita kwenye sindano inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Dawa yake ni regyuleta ya hatua mbili, inayoshusha msukumo mara mbili, au mizani. Mimi napima mtungi kila mwezi. Kilo moja ya hewa ukaa ni karibu lita 550 za gesi. Kwa mililita 8 kwa dakika, saa nane kwa siku, unatumia takriban gramu 7, hivyo mtungi wa kilo 2 unaweza kukaa miezi tisa.

Usiuweke mtungi juani wala kwenye kabati lisilopitisha hewa. Kandokando ya Goma watu huita mazuku zile sehemu za mabondeni ambako hewa ukaa inayotoka ardhini hutuama kwa kuwa ni nzito kuliko hewa; imewahi kuua watu na mifugo. Ni gesi ile ile.

Si kila tanki linahitaji haya yote. Anubias, mmea wa vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na Kongo, unakua polepole na unaridhika bila mtungi. Wenye sikilidi wa Ziwa Tanganyika, samaki waliozoea maji magumu yenye pH (kipimo cha asidi) ya karibu 9, wasiingize hewa ukaa kabisa, maana inashusha pH.

Ukishaipata vali yako, anza na kiputo kimoja kwa sekunde mbili. Zungusha kidogo sana, na kila unapoirekebisha ifikie namba kutoka upande ule ule, ukifungua, ili ulegevu wa nyuzi za skrubu usikudanganye. Kisha tazama kikombe kingine, kile cha rangi kinachotundikwa ndani ya tanki kuonyesha kiasi cha gesi: bluu ni gesi pungufu, kijani inatosha, njano imezidi. Rangi hiyo huchelewa saa mbili hivi nyuma ya ukweli, kwa hiyo usiiguse vali tena kabla ya hapo. Siku ya kuiseti iwe siku ambayo utashinda nyumbani.