Je, wajua kwa nini mtoto wa chekechea anaweza kukusomea vibao vyote vya barabarani?

Ukipanda daladala ya Buhongwa na binti yangu wa miaka mitano hutapumzika, kuanzia mjini Mwanza anakusomea kila kitu, I-go-go, Mku-yu-ni, Nye-ge-zi, mama pale pameandikwa duka la dawa, abiria wanageuka kumwangalia na mimi nasema wazi najivunia mpaka basi. Watu wananiuliza huyu yuko inglish midiamu gani? Hayuko. Anasoma chekechea ya hapa hapa mtaani kwa Kiswahili, na Kiswahili ndo kimembeba.

Irabu zetu ni tano tu na kila moja sauti yake ni ileile popote utakapoikuta. Mtoto akishashika ba be bi bo bu na ma me mi mo mu anaunganisha mwenyewe, hata neno ambalo hajawahi kulisikia atalitamka sawa. Kiingereza sio hivo, herufi moja ina sauti kibao. Kuna utafiti ulitoka 2003, walipima watoto wa darasa la kwanza nchi za Ulaya, wale wa Finland ambao lugha yao inaandikwa kama inavyotamkwa walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno rahisi, wa Scotland wanaosoma Kiingereza asilimia 34. Umri wa kuanza shule haulingani, ila watafiti walisema tofauti kubwa inatokana na maandishi jamani. Sie shida yetu ni vitu kama ng' na mbw, wangu ng'ombe bado anamwita ngombe.

Halafu kuna b na d. Mtoto akizichanganya wazazi wengine wanachapa, inaniuma sana, maana ubongo haukuzaliwa na sehemu ya kusoma, maandishi yenyewe yana miaka kama 5,000 tu, kwa hiyo unatumia sehemu iliyokuwa inatambua vitu na nyuso, na hiyo imezoea kwamba kikombe ukikigeuzia mkono kushoto au kulia ni kikombe kilekile. Sasa leo anaambiwa ukigeuza b inakuwa kitu kingine, lazima achanganyikiwe kwanza. Kwa umri huo ni kawaida kabisa.

Ila kutamka ni nusu ya kazi. Mtoto anaweza kusoma mstari mzima vizuri na asijue umesema nini, kwa sababu maana inatoka kwenye maneno aliyoyasikia watu wakiongea, na huku kwetu wengi nyumbani wanaongea Kisukuma au Kikerewe, Kiswahili wanakutana nacho zaidi shule. Kwa hiyo piga naye stori, kwa lugha yoyote mnayoongea, zote zinamjenga. Na akikuletea kitabu kilekile cha jana na juzi usimwambie leta kingine, kurudia ndo kunafanya maneno mapya yamkae, we msomee halafu muulize sungura alikimbia kwa nini.