Micheweni ina watu wangapi? Kwanza sema Micheweni ipi

Huko kaskazini mwa Pemba jina ni moja, maeneo ni manne: wilaya ya Micheweni, jimbo la Micheweni, shehia ya Micheweni (shehia ni eneo dogo la utawala Zanzibar, linaloongozwa na sheha), na huo mji wenyewe. Ukisoma mahali kwamba mji una watu 103,816, jua umepewa wilaya nzima kwa sensa ya 2012, na humo mna Konde, Tumbe, Wingwi, Makangale na Kiuyu.

Mkorogo huu una sababu. Miji mingine ya Pemba, yaani Wete, Chake Chake na Mkoani, ina mabaraza ya mji. Micheweni ina halmashauri ya wilaya, si baraza la mji lenye eneo lake. Kwa hiyo anayetaka hesabu ya mji hana budi achague shehia, azitaje, kisha ajumlishe. Na kabla ya kulinganisha sensa mbili, hakikisha shehia hizo hazikumegwa katikati. Shehia iliyomegwa huonekana imekimbiwa na watu, kumbe wamo palepale, wamepewa sheha mwengine tu.

Halafu iangalie ardhi, maana ndiyo iliyowapanga watu. Mashariki ya wilaya ni maweni: matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya bahari, udongo umejificha kwenye vishimo baina ya mawe. Jembe likishushwa linagonga jiwe na kurudi, ndiyo maana muhogo hupandwa kishimo kwa kishimo, mara nyingi kwa mtaimbo. Mvua haisimami juu, inazama kwenye nyufa. Chini kabisa maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari, na kisima cha karibu na pwani kikitekwa kupita kiasi wakati wa ukavu hugeuka chumvi. Palipo na maji ya kuaminika ndipo nyumba zinaposongamana. Ukenda upande wa Konde udongo ni mwingine, mikarafuu inakubali, na nyumba zimetawanyika mashambani.

Pwani ina hesabu yake. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, maji yakitoka, kina mama wako kwenye mwani. Karani wa sensa akibisha saa hizo hukuta watoto. Wavuvi nao huenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na kwao, kwa wiki kadhaa. Sensa huhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na kwa ile ya 2022 siku hiyo ilikuwa 23 Agosti. Aliyelala dago anahesabiwa huko dago, hata kama mke, watoto na chombo vyote ni vya Micheweni. Kwa mji mdogo, vyombo vichache tu vinatosha kuiyumbisha hesabu ya wanaume.

Kosa ninaloliona zaidi ni la kukadiria. Watu huchukua ongezeko la Zanzibar nzima, asilimia 3.7 kwa mwaka, wakalitwika kijiji cha Pemba. Mkoa wa Kaskazini Pemba ulitoka watu 211,732 mwaka 2012 ukafika 272,091 mwaka 2022, yaani kama asilimia 2.5 kwa mwaka. Chukua shehia ya watu 4,000: kwa kasi ya mkoa utapata kama 5,140 baada ya miaka kumi, kwa kasi ya Zanzibar utaandika karibu 5,800. Hao 660 wa ziada hutawakuta Micheweni. Kasi ile kubwa imebebwa zaidi na Unguja, hasa Mjini Magharibi, ambako Wapemba wengi wamehamia: 593,678 mwaka 2012, 893,169 mwaka 2022.