Mto hauishi kwa wastani

Swali ninaloulizwa kuliko yote, ofisini hata msibani, ni hili: injinia, mbona mnatubania vibali vya kuvuta maji mtoni na maji yenyewe yanapita tu yanaenda baharini bure? Wala simlaumu anayeuliza, maana hata mimi naanza kazi serikalini nilijua injinia wa maji kazi yake ni kuyatoa mtoni, achimbe mfereji, alaze bomba, ajenge bwawa. Kumbe kuna sisi wengine tunalipwa mshahara ili maji mengine yabaki palepale yalipo.

Sasa hiyo "bure" tuiangalie kidogo. Visima vifupi vya kandokando ya mto, vingi vinajazwa na huohuo mto kwa chini, ukishuka na vyenyewe vinashuka. Majitaka yanayomwagwa huko chini yanahitaji maji ya kuyapunguza makali, na kule mto unapokutana na bahari ni maji matamu ndo yanayoizuia chumvi isipande. Halafu samaki. Mto ukiwa mwembamba jua linaupasha haraka, na maji yakipata joto yanashindwa kushika oksijeni, kwenye nyuzijoto 10 lita moja inaweza kubeba kama miligramu 11 ila kwenye 30 inabaki saba na nusu hivi, kwahiyo samaki anakufa maji yakiwa bado yapo na watu wanasema kawekewa sumu.

Kinachotuponza ni neno wastani. Chukua mto wa mfano, wastani wake kwa mwaka ni lita 2,000 kwa sekunde. Mtu anakuja na pampu ya lita 20 kwa sekunde, anapiga hesabu, asilimia 1 tu hiyo, utamkatalia kwa lipi? Ila kiangazi mto uleule unashuka mpaka lita 60, na hapo pampu yake ni theluthi nzima ya mto, wakija wenzake wawili na pampu kama hiyo mto umeisha. Na kiangazi ndo kila mtu anawasha pampu, masika nani anamwagilia?

Ndo maana sisi hatuanzi na wastani, tunapanga data za kila siku za miaka mingi kuanzia siku ya maji mengi hadi ya maji machache, halafu tunaangalia ule mtiririko, yaani lita zinazopita kwa sekunde, ambao mto unaufikia au kuupita asilimia 95 ya siku. Maana yake zipo kama siku 18 kwa mwaka mto uko chini ya hapo, na hizo 18 ndo zinaamua nani anaishi humo ndani. Kuna njia ya mkato maarufu ya kukadiria maji ya kuuachia mto, ya Donald Tennant wa Marekani, ya mwaka 1976, anasema asilimia 10 ya wastani wa mwaka ni ya kuponea tu kwa muda mfupi, 30 mazingira mazuri, 60 mazuri sana. Naitumia nikibanwa na muda, ila siipendi sana, kwanza ni wastani uleule umerudi kwa mlango wa nyuma, halafu alipimia mito ya kwao, mingine inalishwa na theluji, ukiibeba hivihivi kwenye mto wa mvua unajidanganya.

Na hizo data hazidondoki kutoka juu. Unavaa suruali ya mpira mpaka kifuani, unavuta tepu ng'ambo hadi ng'ambo, unaingia. Mto unaugawa vipande 20 au zaidi, kila kipande unapima kina halafu unashusha fimbo yenye kapangaboi kadogo hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu, maana kasi ya hapo inakaribia kasi ya wastani ya kipande chote, unasubiri sekunde 40 au zaidi kahesabu mizunguko, unasogea. Upana mara kina mara kasi, jumlisha vipande vyote, huo ndo mtiririko. Miguu inakufa ganzi na bado uko kipande cha 12.

Kwa kuwa huwezi kuingia majini kila siku, tunasimika geji, ile rula ndefu ukingoni, na tunachora grafu ya kina fulani sawa na mtiririko fulani. Hapo nilishachemsha. Mafuriko yalipita yakajaza mchanga sakafu ya mto, geji ikaendelea kusoma sentimita 40 kama zamani, mimi nikaendelea na grafu ya zamani, nikapitisha kibali. Tulipokuja kupima upya, sentimita 40 zilezile zilikuwa zinabeba karibu nusu ya maji ya mwanzo, nusu nyingine ilikuwa mchanga. Kibali chenye sahihi yangu kilikuwa kimegawa maji ambayo hayapo, na kumwondolea mtu kibali alichokwisha kununulia pampu, usiombe. Tangu hapo kila baada ya mafuriko narudi na tepu yangu hata kama gari halina mafuta.

Siku hizi kuna vihisi vinavyorekodi kina kila dakika 15, na hivi vinasema mambo. Mto wa kiangazi kwa kawaida unapanda na kushuka kidogo kidogo kwa siku, mchana miti ya ukingoni inakunywa maji unashuka, usiku unarudi, grafu inakuwa mawimbi laini. Sasa unafungua data asubuhi unakuta saa 8 usiku mstari umedondoka wima kama ngazi, ukakaa hapo chini, saa 11 alfajiri umepanda tena wima. Miti hainywi hivyo, hiyo ni pampu ya mtu inayovuta kwa siri. Hapo unachukua gari, unapaki mbali, unafuata ukingo kwa miguu kuelekea juu, polepole, unatafuta nyasi zilizolala na alama ya bomba kwenye tope, na mara nyingi huendi hata kilomita mbili.