Wakomanche na lugha yao: yanayosemwa na yalivyo

"Tangu enzi na enzi ni wapanda farasi wa Texas." La. Wakomanche, taifa mojawapo la Wenyeji wa Amerika, wametokana na Washoshone wa upande wa Wyoming, na farasi waliletwa na Wahispania. Wapueblo, wenyeji wa huko, walipowaasi Wahispania huko New Mexico mwaka 1680, farasi walizagaa; Wakomanche wakajitenga, wakahamia kusini kufuata farasi na nyati.

"Walitawaliwa na chifu mmoja." Penateka, Yamparika, Kwahadi: kila kundi lilijiamulia. Mkataba uliosainiwa na kundi moja haukuyafunga mengine, na walowezi wakauita huo usaliti. Quanah Parker, kiongozi wa Kwahadi, alikuja kutambuliwa na Wamarekani kuwa chifu wa wote baada tu ya kusalimu amri kwenye ngome ya jeshi ya Fort Sill, mwaka 1875.

"Wenyeji wa Amerika wana lugha moja." Kikiowa, lugha ya majirani zao hapo Oklahoma, hakina undugu na Kikomanche. Ndugu wa karibu wa Kikomanche ni Kishoshone. Wa mbali ni Kinahuatl cha Meksiko.

"Alfabeti ni ya Kilatini, basi soma tu kama ilivyoandikwa." Hapa ndipo wengi hukwama, hasa sisi tuliozoea kutamka kila irabu waziwazi. Irabu ni sita. Ya sita, ʉ, ni u isiyoviringa midomo. Irabu iliyopigiwa mstari chini hunong'onwa: katika puuku̱, yaani farasi, u ya mwisho ni pumzi tu. Ukiipaza umekosea, ukiimeza kabisa pia umekosea. Maandishi haya ni rasmi tangu 1994. Na "sisi" yao haiko moja: ipo inayomhusisha unayezungumza naye, na ipo inayomwacha nje.

"Bado wanaishi kwenye mahema katika hifadhi." Hifadhi, yaani ardhi waliyotengewa na serikali ya Marekani, ilivunjwa mwaka 1901, kila mtu akagawiwa ekari 160, zilizobaki wakapewa walowezi. Makao ya serikali yao leo yako Lawton.

"Vitani walizungumza Kikomanche cha kawaida tu." Katika Vita vya Pili vya Dunia Jeshi la Marekani liliwafunza vijana 17 kupeleka ujumbe wa siri kwa Kikomanche, ilhali shuleni watoto walikuwa wakiadhibiwa kwa kusema lugha hiyohiyo. Vijana hao walibuni msamiati wao: kifaru cha vita kikaitwa kobe, bunduki ya rashasha cherehani, ndege ya mabomu ndege yenye mimba. Walioshuka kwenye pwani iliyopewa jina la Utah, huko Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944 walipeleka ujumbe ambao hata Mkomanche asiyefunzwa angesikia maneno yote asipate maana.