Kidokezo Kigumu Hukatwa, Hakisomwi

"Amani ikirudi, shusha kichwa (5)."

Ukikisoma kidokezo hiki kama methali, utakesha. Utawaza vita, utawaza unyenyekevu, na jibu halitakuja. Sisi tunaotunga na kufumbua mafumbo ya maneno ya aina hii huanza kwa kutafuta pa kukata. Upande mmoja wa kidokezo umebeba maana ya jibu. Upande wa pili umebeba maelekezo ya kulijenga jibu hilohilo kwa herufi. Hapa maana ni "shusha kichwa". Maelekezo ni "amani ikirudi": andika AMANI, isome kutoka nyuma herufi kwa herufi, unapata INAMA. Herufi tano, kama mabano yalivyoahidi. Mkato wa leo umekuonea huruma kwa kukaa panapostahili. Kwa kawaida alama za uandishi huwekwa ili zikupoteze.

Mchezo huu umelelewa na Waingereza. Fumbo la maneno la kawaida lilichapishwa kwanza Marekani, katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913, na mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Lilipofika Uingereza ndipo vidokezo vikaanza kupinda. Edward Powys Mathers alilitungia The Observer tangu 1926 hadi alipofariki mwaka 1939, akijiita Torquemada, jina la yule mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania aliyesifika kwa ukatili. Wafumbuaji hawakuona kwamba jina limemzidi. Baada yake akaja D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, akakazania haki: kila neno ndani ya kidokezo liwe na kazi yake. Mwenzao mwingine, Afrit, aliliweka jambo hili vizuri kuliko wote: mtungaji si lazima amaanishe anachosema, lakini ni lazima aseme anachomaanisha.

Kwa Kiswahili mchezo huu unakwenda vizuri kuliko watu wanavyodhani. Chukua "Shanga mia zimemficha mnyama wa jangwani (6)". Hapo hakuna hata kazi ya kujenga. Mnyama amelala ndani ya maneno yenyewe, shaNGA MIA. Au "Tatu kinyume hupunguza mwendo wa gari (4)". Waliocheza kinyume utotoni watalipata hili upesi: silabi ya mwisho hutangulizwa, ta-tu inakuwa tu-ta, na kila dereva analijua tuta. Mwingereza hana desturi ya kugeuza silabi. Sisi tunayo, na kwa maoni yangu mtungaji wa Kiswahili asiyeitumia anajinyima bure. Sharti langu ni moja: "kurudi" kuwe kwa herufi, "kinyume" kuwe kwa silabi, na mtungaji asichanganye.

Penye ugumu ni upatanisho wa sarufi. Herufi za KITAMU ukizivuruga unapata MAKUTI, zawadi ambayo hakuna mtungaji angeiacha. Lakini nikiandika "kitamu kilichovurugwa, ya kuezekea banda", ile "ya" imenitoboa: mfumbuaji anajua jibu si la "ki-" wala la "m-", na nusu ya kazi imekwisha kabla hajashika penseli. Nikiandika "cha kuezekea" ili sentensi inyooke, nimesema uongo, maana makuti hayawi "cha". Tunakimbilia wapi? Kwenye "hu-". Kitenzi cha mazoea hakibebi kiambishi cha nafsi wala cha ngeli, kwa hiyo hakimtaji mtu: "Kitamu kilichovurugwa hufunika banda (6)". Ni nani hufunika? Huwezi kujua. Ndiyo maana nikiketi mbele ya fumbo gumu, vidokezo vyenye "hu-" navipitia kwanza. Mara nyingi mahali pa kukata ni hapohapo kabla yake.

Kuna jambo jingine linalowashangaza waliozoea mafumbo ya Kiingereza. Katika jedwali la mtindo wa Uingereza, neno hukutana na mengine kwenye herufi moja, huachwa moja, hukutana tena. Kiswahili nacho mara nyingi huenda konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Mtungaji mkatili akipanga majibu yakutane kwenye irabu tupu, unabaki na kitu kama _A_A_U. Ni nini hicho? Salamu, karamu, haramu, hatamu, kalamu. Umejaza nusu ya neno na bado uko gizani. Angekupa K_L_M_, ungekuwa unachagua kati ya machache tu, kama kilimo, kilima na kalamu. Basi usizihesabu herufi ulizonazo, angalia ni za aina gani.

Kidokezo cha _A_A_U ile kilikuwa hiki: "Nusu ya kaka na kisiwa kizima huandika (6)". "Hu-" hiyo hapo, kata kabla yake. Maana ni "huandika", wala haisemi kwamba ni mtu. Nusu ya KAKA ni KA. Zinabaki herufi nne za kisiwa, na neno "kizima" limewekwa kukuhakikishia kwamba hakikatwi. Pemba na Mafia vina herufi tano, Unguja sita. Vilivyobaki mdomoni ni Pate na Lamu. KAPATE si neno. KALAMU.

Wengi huogopa majibu marefu. Mimi yanayoniumiza ni mafupi yenye maana mbili, kwa kuwa hayana herufi za kushughulikia, hakuna kuvuruga wala kugeuza. "Mnyama hufunika nyumba (3)": ni PAA na ni PAA, swala mdogo upande mmoja, bati na vigae upande wa pili. "Hula majani na hukuna nazi (5)": MBUZI, wa zizini na wa jikoni. Hapa maelekezo ni maana ya pili tu, na ukishaipata ya kwanza akili haitaki kuiachia.

Hiki nakiacha bila jibu, na hakina "hu-" ya kukusaidia: "Hesabu isiyobadilika hata ukiianzia mwisho (5)".