Vifupisho vya posta vya Marekani na dhana ya hakimiliki

Wanaounda mifumo ya taarifa za afya Marekani wamezoea kusema kwamba vifupisho vya posta vya majimbo, kama CA (California) na TX (Texas), ni vya bure kwa sababu kazi za serikali kuu hazina hakimiliki. Hoja hiyo ina kasoro. Tangu sheria ya mwaka 1970 iliyoipanga upya posta, USPS, yaani Huduma ya Posta ya Marekani, inaweza kumiliki hakimiliki ya machapisho yake. Karatasi zake za stempu hubeba alama ya hakimiliki (©) waziwazi. Kinachookoa ni kingine: herufi mbili ni chache mno kulindwa. Kuziandika kwenye anwani ya mgonjwa hakuhitaji leseni. Kunakili kitabu kizima cha viwango vya anwani ni suala jingine.

Chanzo cha orodha ya vifupisho ndicho kinachostahili wasiwasi zaidi. Ichukuliwe kwenye Chapisho namba 28 la USPS, ndicho kitabu hicho cha viwango vya anwani, si kwenye jedwali lililookotwa popote. Jedwali la zamani linaweza kupotosha: Nebraska ilikuwa NB hadi 1969, ikawa NE isichanganywe na New Brunswick ya Kanada, ambayo nayo ni NB. Na mfumo unaoishia majimbo 50 utaikataa anwani ya askari aliye ng'ambo (AA, AE au AP), na ya mkazi wa Puerto Rico pia, eneo la Marekani ambalo si jimbo.